GeoGebra kwenye simu: inakufundisha kuchora mikunjo ya polari, au inakuchorea tu?

GeoGebra, programu ya kuchora grafu za hisabati, ni ya bure, haina matangazo, na ikishaingia kwenye simu haikuombi mega tena. Umeme ukikatika jioni Kadutu au Bagira, mradi simu ina chaji, kazi inaendelea. Kwa mwanafunzi wa Bukavu hizo ni sababu tosha za kuipakua leo. Ilianzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, na inazungumza Kifaransa, kwa hiyo maneno utakayoyaona kwenye skrini ni yale yale ya darasani.

Hapa lakini tunaipima kwa swali moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wa ISP (chuo cha ualimu) au wa chuo kikuu, ambaye r na θ, yaani umbali kutoka kitovu na pembe, alizijua tu kwenye namba changamano, akikaa na GeoGebra wiki mbili, siku ya mtihani simu ikiwa imezimwa, mkono wake utaweza kuchora r = 1 + 2cos θ? Akiitumia peke yake, hataweza. Akiitumia baada ya karatasi ya miduara na kalkuleta ya kawaida, ataweza, na hatujaona kifaa cha bure kinachoipita kwa kazi hiyo.

Sababu ni hii. Ukiandika mlinganyo, mkunjo unatokea mzima mara moja, kama picha iliyobandikwa ukutani. Huoni ulianzia wapi, ulipita wapi kwanza, wala ni saa ngapi r iligeuka kuwa hasi. Na ugumu wote wa polari uko hapo. Kwenye x na y, nukta mbili zilizo jirani kwenye karatasi kwa kawaida ni jirani pia kwenye jedwali. Kwenye polari sivyo: nukta inaweza kukaa upande wa kulia huku pembe yake inaelekea kushoto. Mtu aliyezoea kuona picha iliyokamilika huunganisha nukta kwa ukaribu wa macho, na mkunjo wake unakosa kitanzi cha ndani.

Kwa hiyo anza na karatasi. Karatasi ya miduara huuzwa mara chache, lakini kuitengeneza ni kazi ya nusu saa, na moja ikitoka vizuri fotokopi zinamaliza kazi ya mwaka mzima. Chukua A4, weka kitovu katikati, chora miduara 12 kwa bikari, kila mmoja ukimzidi mwenzake kwa sentimita 0.7. Mkubwa utakuwa na nusu kipenyo cha sentimita 8.4, upana wa 16.8, na karatasi ina 21, kwa hiyo pembeni inabaki nafasi ya kuandika nyuzi. Kwa nini 12, na si 10 kama wengi wanavyofanya? Kwa sababu 12 inagawanyika kwa 2, kwa 3 na kwa 4. Mkunjo ambao r yake ya juu kabisa ni 3, kizio kimoja ni miduara 4. Ikiwa ni 2, kizio ni miduara 6. Ikiwa ni 4, miduara 3. Ukiwa na miduara 10 na r ya juu ni 3, unabaki unakisia theluthi za sentimita mpaka mwisho.

Kisha mistari 12 inayopita kitovu, kila nyuzi 15, nawe umepata mielekeo 24. Andika 0 kulia, 90 juu, 180 kushoto, 270 chini, na nyuzi zote zilizo katikati. Anza na mduara mkubwa ukiteremka kwenda mdogo, na kabla ya kuchoma bikari bandika kipande cha skochi kwenye kitovu. Bila skochi tundu linapanuka kufikia mduara wa saba au wa nane, na midogo ya ndani, ile utakayoihitaji zaidi, inatoka imepinda.

Ukipeleka kwenye fotokopi, omba iwe hafifu kidogo ili penseli yako ionekane juu ya mistari, na pima nakala ya kwanza kwa rula kabla ya kuagiza nyingine: upana wa mlalo na wa wima lazima ulingane. Zikitofautiana milimita mbili, mashine imevuta upande mmoja na kila mduara utakaochora utakuwa yai. Ile ya asili itunze kwenye kabrasha. Usitoe nakala kutoka kwenye nakala.

Sasa kalkuleta. Casio fx-82ES PLUS haina skrini ya grafu, ila ina kitu ambacho wanafunzi wengi wanakibeba miaka sita bila kukigusa: jedwali. Bonyeza MODE, kisha 3. Kwenye fx-991ES PLUS ni MODE kisha 7. Itakuuliza f(X)=. Herufi X ni ALPHA na mabano ya kufunga. Usiandike 1+2cos(X) peke yake. Andika 4(1+2cos(X)), kwa sababu tulikubaliana kizio ni miduara 4. Kwa njia hiyo kalkuleta inakupa moja kwa moja idadi ya miduara ya kuhesabu kutoka kitovuni, na hesabu ya kichwa inayoleta makosa imeondoka. Start ni 0, End ni 360, Step ni 15. Utapata mistari 25.

Mtu akitaka usahihi zaidi akaweka Step 10, anahitaji mistari 37, na kalkuleta inajibu «Insufficient MEM». Haijaharibika. Toleo la ES PLUS linakubali mistari 30 tu. Kata jedwali vipande viwili, 0 hadi 180 halafu 180 hadi 360.

Kabla ya yote hayo kuna jaribio la sekunde tano ambalo lingeokoa karatasi nyingi. Andika cos(60). Ikikujibu 0.5 au 1/2, uko kwenye nyuzi, endelea. Ikikujibu −0.952, iko kwenye radiani. Ikikujibu 0.588, iko kwenye gradi, na hiyo hutokea kila kalkuleta inapopita mikononi mwa watu wengi. Rekebisha kwa SHIFT, MODE, 3. Jedwali lililotengenezwa kwa radiani linatoa namba zinazoruka ovyo ambazo bado ziko kati ya −4 na 12, hivyo jicho halishtuki, na mwanafunzi anapiga nukta 25 za bure.

Jedwali letu linasema hivi, kwa miduara: kwenye 0° ni 12, kwenye 30° ni 10.9, kwenye 60° ni 8, kwenye 90° ni 4, kwenye 105° ni 1.9, na kwenye 120° ni sifuri. Hapo mkunjo umegusa kitovu. Halafu kwenye 135° ni −1.7, kwenye 150° ni −2.9, kwenye 165° ni −3.7, kwenye 180° ni −4.

Tua hapa, kwa kuwa ndipo wengi wanapoanguka. Kwenye 150° na −2.9, weka kidole kwenye mstari wa 150, juu kushoto. Usihesabu miduara upande huo. Pitisha kidole kwenye kitovu hadi ng'ambo, kwenye mstari wa 330, chini kulia, ndipo uhesabu 2.9. Nukta ya 180° yenye −4 inakaa kulia kabisa, kwenye mstari wa 0, mduara wa nne. Kama huamini, tumia Rec ya kalkuleta, inayogeuza r na θ kuwa x na y: rudi MODE 1, bonyeza SHIFT na alama ya kutoa, andika 2.9, kisha SHIFT na mabano ya kufunga ili upate mkato, kisha 330. X inatoka 2.51 na Y −1.45. Chini kulia, kweli.

Kila nukta ipe namba ndogo kwa penseli, 1 hadi 25, jinsi pembe zinavyofuatana, na unganisha kwa kufuata namba. Namba 9 ni kitovu, 10 hadi 16 zinazunguka ndani, 17 ni kitovu tena. Ukifuata namba, kitanzi cha ndani kinajichora chenyewe. Ukifuata ukaribu, kitanzi kinamezwa na umbo la nje. Na unapokaribia kitovu usiufikishe mkunjo kwa mwelekeo wowote tu: r inakuwa sifuri kwenye 120° na 240°, kwa hiyo mkunjo unaingia na kutoka kitovuni ukiegemea mistari hiyo miwili. Itilie wino hafifu kabla ya kuchora. Michoro mingi yenye nukta sahihi huharibikia hapo, kwa kufikia kitovu kama ncha ya mkuki.

Mkunjo huu unaitwa limaçon, konokono kwa Kifaransa, jina lililotolewa na mwanahisabati Roberval mwaka 1650. Ukiona kitanzi kidogo kimejikunja ndani ya kikubwa, unaelewa kwa nini.

Hapo sasa fungua GeoGebra, na hapo inaanza kustahili sifa zake. Usiombe mkunjo mzima. Andika kwanza k=0, programu itatengeneza kitelezi, ile inayoitwa «curseur». Kwenye mipangilio yake weka kiwango cha chini 0, cha juu 2pi, na hatua pi/24. Halafu, mstari baada ya mstari:

D=(1; k)
Segment((0,0), D)
P=(1+2cos(k); k)
Courbe((1+2cos(t))cos(t), (1+2cos(t))sin(t), t, 0, k)

Nukta-mkato katika D na P si kosa la uchapaji. Ndiyo inayoiambia GeoGebra kwamba namba ya kwanza ni umbali na ya pili ni pembe. Ukiweka mkato wa kawaida, itadhani ni x na y, na P itatembea kwenye njia nyingine kabisa bila kukupa onyo lolote. Kwenye kibodi ya programu itafute katika kurasa za alama. Na pembe yoyote isiyo na alama ya ° inasomwa kama radiani, ndiyo maana hapa kila kitu kiko kwa pi.

Sogeza kitelezi taratibu kwa kidole. D inazunguka kama mshale wa saa unaorudi nyuma, ikionyesha mahali unapoangalia. P inakwenda mbele yake kwenye mstari ule ule, inakaribia kitovu, inakaribia zaidi, na kwenye 2π/3 inakigusa. Gusa mbele kidogo tu: D inaendelea kwenda kushoto, na P imetokea upande wa pili. Kwenye π, D iko −1 kushoto na P iko 1 kulia, kitovu katikati yao. Kwa aliyekwisha kupitisha kidole kwenye karatasi mara saba, mwendo huo wa sekunde mbili unafunga somo. Asiyefanya hivyo anaona nukta mbili zinazotembea.

Washa pia gridi ya polari: mipangilio ya grafu, sehemu ya «Grille», chagua «Polaire». Skrini inafanana na karatasi yako na unaweza kulinganisha nukta kwa nukta.

Kasoro za programu zipo, na mbili zinawasumbua wanaojifunza kuliko wengine. Ya kwanza ni vidole. Ukivuta mhimili mmoja kwa bahati mbaya, uwiano wa mihimili unabadilika na duara inakuwa yai. Mwanafunzi anadhani mlinganyo wake ndio mbovu, anaanza kubadilisha ishara zilizokuwa sahihi. Angalia uwiano wa «axeX : axeY» kwenye mipangilio, uwe 1 : 1, kabla hujamlaumu mtu. Ya pili ni kikomo cha t. Programu inachora ulichoiomba, haikuambii kama mkunjo umekwisha. r = cos(θ/2) ukiiishia kwenye 2π unapata nusu tu; inahitaji 4π. r = cos(θ/3) inajifunga kwenye 3π, na ukiiachia 2π inabaki wazi kama pete iliyokatwa. Kwa upande mwingine, r = cos 3θ inamaliza petali zake tatu kwenye π na kuanzia hapo inapita juu ya njia yake yenyewe. Njia ya kujua bila kukisia ni kitelezi kile kile: kipe kikomo cha 6pi na uangalie P inarudi lini mahali ilipoanzia, ikielekea upande ule ule.

Kwa maua, yaani r = cos nθ na r = sin nθ, hatua ya jedwali ndiyo inayoamua kila kitu. Gawa 90 kwa n, kisha gawa tena kwa 2. Kwa n = 3 unapata 15, na karatasi yetu inafaa kama ilivyo. Kwa n = 5 unapata 9; 0 hadi 180 ni mistari 21, na inatosha kwa sababu n ni witiri. Ukitumia 15 kwa n = 5 unakosa kabisa kilele cha 36° na sifuri ya 18°, na petali zinatoka na urefu tofauti. Kwa n = 4 ni 11.25, kwa hiyo jedwali linagawanywa mara mbili, na petali ni 8, si 4: n ikiwa shufwa petali ni mara mbili yake. Angalia pia jinsi sin 2θ inavyofuatana: petali ya kwanza juu kulia, ya pili chini kulia, ya tatu chini kushoto, ya nne juu kushoto. Anayezichora kwa kuzunguka kawaida, juu kulia kisha juu kushoto, anapata picha ile ile lakini akiulizwa eneo la petali ya pili anaweka mipaka ya pembe isiyo yake.

Lemniskati ya Bernoulli, r² = 4cos 2θ, ni mtihani mzuri kwa kalkuleta. Andika 6√(4cos(2X)), kwa kuwa r ya juu ni 2, na jedwali litaandika ERROR kati ya 45° na 135°, na tena kati ya 225° na 315°. Usizifute wala usiziruke kwa aibu. Zinakuambia kwamba hakuna mkunjo upande wa juu wala wa chini. Bernoulli aliiandika mwaka 1694 na umbo ni la namba 8 iliyolala.

Spirali ya Archimedes, r = θ, ndiyo pekee hapa ambayo nyuzi hazifai hata kidogo. Ukiacha kalkuleta kwenye nyuzi, mzunguko mmoja unakupeleka r = 360. Hamia radiani, Step iwe π÷12, rudi kwenye mistari yako 25.

Kuna jambo moja ambalo GeoGebra inalionyesha wazi na hesabu ya daftari inalificha: makutano. Chora r = 1 + cos θ pamoja na r = 3cos θ. Kwa kuzilinganisha unapata cos θ = 1/2, yaani 60° na 300°, r = 1.5, nukta mbili. Skrini inaonyesha tatu. Ya tatu ni kitovu, ambacho mkunjo wa kwanza unakifikia kwenye 180° na wa pili kwenye 90°. Hawafiki kwa pembe moja, ndiyo maana mlinganyo hauwaoni pamoja. Katika kila swali la makutano, jaribu r = 0 kwa kila mkunjo peke yake.

Desmos, programu nyingine ya grafu, nayo ni nzuri, na kuandika ndani yake ni rahisi zaidi: andika r=1+2cos(theta) na neno theta linageuka θ lenyewe. Kwa kukagua jibu haraka tungeichagua kabla ya GeoGebra. Kwa kujifunza, tunabaki na GeoGebra kwa ajili ya nukta-mkato ile, inayokuruhusu kuweka P na D bila kupitia kosini na sini.

Mwisho kuhusu kununua kalkuleta, iwe Kadutu au Nyawera. Zipo zenye umbo la Casio na jina linalokaribia, na zipo fx-82MS ambazo ni halisi lakini hazina jedwali kabisa. Kwa hizo utaandika mlinganyo mara moja, kisha utarudi nyuma kwa mshale na kubadilisha pembe, mara 25. Kabla hujatoa pesa, fanya mbele ya muuzaji: cos(60), halafu MODE 3, halafu 4(1+2cos(X)) kutoka 0 hadi 360 kwa hatua ya 15. Shuka kwa mshale hadi mstari wa tisa. Ikiwa mbele ya 120 kuna 0, lipa.